Lifti ya Mangi na Boksi la Selemani

Vijana wangu wa gereji, mlipokuja kunisalimia nyumbani na ile soda yenu iliyopata moto njiani, mlisema, "Babu, andika, usije ukaondoka na mambo yako kichwani." Nikajiuliza naondoka kwenda wapi, maana mimi nimeacha kazi tu, siumwi. Lakini kalamu mmeniachia na karatasi mmeniachia, na mke wangu kasema bora niandike kuliko kufungua redio yake kuitazama ndani. Basi naandika. Shule yangu mnaijua, iliishia pale mwalimu alipohamishwa na mwingine hakuletwa. Kwa hiyo mkiona nimeacha njia msinifuate, nisubirini hapohapo, nitarudi.

Vyeo sitavizungumza. Gereji ina vyeo viwili, anayeshika spana na anayeshika tochi, na mimi nimeshika vyote. Mishahara nayo tuiache ilale.

Nilikuja mjini kutoka Newala nikafikia kwa mjomba, Ilala. Mjomba alinilisha akachoka, akanipeleka mtaa wa Gerezani kwa fundi mmoja tuliyemwita Mzee Tindo. Jina lake la kweli nililisikia siku tunamzika, lilipotajwa, na nusu ya mafundi tukatazamana tukidhani tumeingia msiba wa watu wengine. Tindo lilikuwa jina la chombo chake, kile chuma cha kuchimbia zege, alichokuwa hakiachi mkononi hata akinywa chai.

Siku hizo gereji yetu haikuwa na kitu cha kunyanyulia gari. Ilikuwa na shimo. Gari linaletwa juu ya shimo, tairi huku na huku, fundi anashuka chini na kuanza kazi akiwa ameinua uso kama anaomba mvua. Mvua ilikuja kweli, lakini ya oili. Siku ya kwanza Mzee Tindo akaniambia, "Shuka." Nikashuka mbio, nionekane mchapakazi. Akanipandisha kwa sikio.

"Umeona nini huko?"

"Shimo, mzee."

"Na ukingo wa shimo umeuona?"

Sikuuona. Akanionyesha ufa umepita palepale tairi inapokaa. Akasema mimi ni mgeni wake na hataki kuandika barua ya kwenda Newala. Kila asubuhi yule mzee, kabla hajasalimia mtu, alikuwa anazunguka shimo lake akigonga sakafu kwa tindo, kainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani ukutani. Watu walisema kachanganyikiwa. Na mimi nilisema hivyohivyo, mpaka sikio langu lilipoanza kusikia. Sakafu iliyoshiba inajibu kwa mkato, ngo. Sakafu yenye njaa inajibu kwa kuvuta, ngooo, kama mtungi mtupu.

Wiki ileile niliyoanza mimi alianza Selemani, mtu wa Kisarawe. Huyu mshikeni vizuri, maana habari hii ni yake. Masika yalipoingia, shimo lilijaa maji, tukawa tunafanya kazi chini. Unalala chali uvunguni mwa gari, na unachotandika ni boksi lililofunuliwa. Kila fundi ana boksi lake. Boksi la Selemani lilikuwa la friji, kubwa, gumu, alilipata Kariakoo kwa kumbembeleza mwenye duka, na likichakaa alitafuta lingine la friji vilevile, hakukubali la redio wala la biskuti. Kulikanyaga boksi la Selemani na viatu ilikuwa kama kupita na viatu juu ya jamvi la harusi. Nimeona wanaume wazima wakifukuzwa na spana kwa ajili hiyo.

Tukafanya kazi hivyo, shimoni kiangazi na juu ya boksi masika, mpaka mgongo wa Selemani ukachukua umbo la kazi. Akisimama, ulidhani anatafuta kitu alichoangusha.

Halafu lifti zikaanza kuingia nchini, zile zilizotumika huko nje, zinakuja na meli pamoja na injini za mtumba. Mimi nikaangukia huko. Nikawa mtu wa kufunga lifti, na huko ndiko mlikonikuta nyinyi.

Lifti si kitu cha kuogopwa na si kitu cha kuchezewa. Nguzo mbili za chuma, kila nguzo ina mikono miwili, mikono inashika gari chini ya tumbo, mota inavuta, gari linapanda, fundi anasimama wima chini yake kama anachuma mapera. Sasa uzito wote ule unashukia nguzo, nguzo zinashikwa na bolti, bolti zinashikwa na zege, na zege linashikwa na uaminifu wa aliyelimwaga. Hapo kwenye uaminifu ndipo nilipokuwa napata tabu.

Nimeona mengi. Bwana mmoja alitaka nimfungie lifti juu ya matofali ya kupanga, yale ya uani, akasema fundi aliyeyapanga ni mlokole. Mwingine alipima chini vizuri sana akasahau juu. Gari lilipanda kwa heshima zote mpaka likakutana na feni, na feni ilikuwa inazunguka. Mwingine alichomeka mota ya lifti kwenye waya mmoja na friji na pampu ya maji. Kila tukipandisha gari, tamthilia inazima sebuleni. Walitoka akina mama wanne na mashangazi, na nawaambia, ni heri kuangukiwa na gari.

Sasa nakuja kwenye kazi yangu ya mwisho.

Mangi mnamjua. Jina lake la ubatizo ni Proches lakini Kariakoo nzima haina habari nalo. Anauza kwa jumla mabeseni, ndoo, majagi, vitu vyote vya plastiki vinavyoweza kuwekwa kimoja ndani ya kingine. Ana kirikuu kadhaa, yale magari madogo ya mizigo, za kusambazia bidhaa zake. Alinikuta napumzika nje ya gereji.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mangi. Beseni zinatoka?"

"Zinatoka. Fundi, nataka lifti nyumbani kwangu."

"Nyumbani? Unafungua gereji?"

"Gereji ya nyumbani. Kirikuu zangu zinaenda kwa mafundi zikiwa na betri, zinarudi hazina. Nimemchukua Selemani, atakuwa fundi wangu palepale. Nataka asimame afanye kazi kama mtu."

Selemani alikuwa nyuma yake. Tangu nimfahamu alikuwa mtu wa kucheka nusu, lakini siku ile alicheka mpaka nikaona jino ambalo sikujua kama lilishawahi kuota. Daktari alishamwambia mgongo ule hautaki tena kulala sakafuni. Sasa fundi magari asiyelala sakafuni na hana lifti ni mtu wa kuuza karanga. Lifti ile ndiyo ilikuwa kazi yake iliyobaki. Nikasema haya, twende tukaangalie.

Nyumba iko Ilala, nyumba ya zamani ya Kiswahili, Mangi aliinunua kwa familia ya mzee mmoja marehemu. Mbele kaiacha ilivyo, uani ndiko alikojenga banda la magari. Nikafika mlangoni, mkewe, Mama Glory, akanizuia kwa upole kabisa.

"Baba, samahani. Viatu."

Nimefanya kazi gereji umri wangu wote. Ile ni ya kwanza niliyoambiwa nivue viatu. Ndani kulikuwa na tailizi nyeupe zinazong'aa mpaka nikaona pua yangu kwa chini, jambo ambalo si zuri kwa mtu wa umri wangu. Katikati tailizi zimepangwa zikatoa ua kubwa la waridi, jekundu, limetanda karibu banda zima. Juu inaning'inia taa ya vioo vingi kama ya ukumbini. Nikamuuliza Mangi gari litapita wapi, juu ya ua au chini ya taa. Akasema hayo ni mambo ya mke wake.

Nikaanza juu, kwa sababu ya yule wa feni. Bati lilikuwa mbali, kimo kinatosha, ila taa lazima iondoke. Mama Glory akaguna, akakubali. Nikaja kwenye umeme. Mota ipate waya wake peke yake kutoka kwenye mita, na swichi yake ya kujizima, na waya wa kwenda ardhini, ili siku ikileta hitilafu impige nani sijui lakini asiwe Selemani. Wakakubali. Nikaja chini. Nikapiga magoti, nikatoa nyundo ndogo, nikaanza kugonga.

Mahali pa nguzo ya kushoto pakajibu vizuri. Ngo. Mahali pa nguzo ya kulia pakavuta.

Nikagonga tena. Pakavuta tena. Sasa tailizi ni wasengenyaji, zinaweza kulia ovyo hata kama chini kuko salama, kwa hiyo sikuapa. Nikasema nitoboe tundu dogo kila upande, tuone unene wa zege na limekaa juu ya nini. Na zikifika siku za kufunga, tailizi zote chini ya nguzo zitolewe, chuma kikae juu ya zege, maana bolti ukiikaza juu ya tailizi, tailizi inapasuka na bolti inabaki inacheza.

Kushoto nikaruhusiwa, pale palikuwa nyuma ya kabati la viatu. Zege nene, safi, halina neno. Kulia palikuwa kwenye jani la waridi.

"Kwenye ua?" akasema Mama Glory. "Fundi, hilo ua limekuja na kontena."

"Mama, bolti nazo zitapita kwenye ua hilohilo."

"Bolti ni kazi. Tundu la kupimia ni uharibifu."

Nikamgeukia Mangi. Mangi akageukia taa. Akasema, "Fundi, upande mmoja umeuona mzuri. Nyumba ni moja, simenti ni moja. Kwani ukionja wali upande mmoja wa sufuria hujui upande wa pili?" Nikamwambia nimeshakula wali ulioiva kushoto na kulia una mawe. Lakini tundu sikupewa, na mimi nikasema bila tundu sifungi.

Hapo ingekuwa mambo yamesimama kwa amani, kama lisingeingia jambo la kamati.

Nyinyi ni watu wa mji huu, sina haja ya kuwaeleza. Hapa mtu akinunua kochi lazima watu wale pilau. Mama Glory akaona lifti haiwezi kuingia nyumbani kimyakimya kama mwizi. Ikaundwa kamati ya uzinduzi. Ikapatikana sare, vitenge vya njano vyenye mabawa. Akapatikana mgeni rasmi, mwenye duka kubwa la mapazia. Akapatikana mshereheshaji, MC Besi, kijana mwenye sauti ya lori. Siku ikapangwa, Jumamosi, kadi zikachapwa, turubai likalipiwa. Kitu pekee ambacho hakikupangiwa siku kilikuwa lifti. Ilikuwa bado imelala kwenye mbao zake uani, nguzo mbili kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa.

Kamati ilinialika nikae mwisho wa benchi. Ratiba ilikuwa hivi. Ijumaa lifti ifungwe. Jumamosi alasiri gari la Mama Glory lipandishwe mpaka juu, na chini yake wasimame mgeni rasmi, Mangi na Selemani, wapunge mikono, wapigwe picha. Nikanyoosha kidole, nikasema lifti ikifungwa inajaribiwa bila mtu chini. Unapandisha kidogo, unalitikisa gari, unashusha. Unapandisha mpaka kufuli zake zilie, unaliacha, unaangalia bolti. Chini hasimami mtu mpaka umeridhika. MC Besi akaniuliza kama hilo zoezi linaweza kufanyika wakati wa muziki.

Tulipotoka Selemani akanivuta kando. Hakuwa anacheka.

"Issa, unanifanyia nini?"

"Nakutafutia uhai."

"Uhai wangu uko uvunguni mwa kirikuu saa hizi, juu ya boksi, mgongo unalia. Watu wote mji huu umewafungia lifti. Imefika zamu yangu umegeuka mwanasheria."

"Zege lile silijui, Sele. Gari likilala, litakulalia wewe, si Mama Glory."

"Mangi ukimchelewesha atabadili mawazo. Atanunua boti."

"Boti ya nini, Ilala?"

"Wenye nazo hawaulizwi ya nini. Wewe fundi gani unaogopa ua?"

Akaondoka na boksi lake kwapani. Nawaambia ukweli, maneno yale yaliniuma kuliko mgongo wake ulivyomuuma yeye. Nikafikiria kufunga tu. Watu wengi wanafunga tu na magari hayaanguki. Hayo ndiyo mabaya ya kazi hii, uzembe haukuadhibu siku ileile.

Ijumaa alasiri banda lilijaa watu. MC Besi anapanga viti vya plastiki kwa mazoezi, meza kuu anaiweka juu ya ua upande wa kulia, palepale ninapopashuku. Mimi nimekaa mlangoni na viatu vyangu mkononi, nimegoma. Selemani kaazima drili kubwa ya kupigia zege, kasema nisipotoboa mimi atatoboa yeye, na Mama Glory karidhia, maana hiyo ni kazi.

Kiongozi wa kamati ya mapishi alikuwa Bi. Zaituni. Huyu ni jirani, mlango wa pili, na ndiye binti wa yule mzee marehemu aliyejenga nyumba hii. Kaka yake ndiye aliyemuuzia Mangi, kisha akahamia Kigamboni. Bi. Zaituni ni mwanamke wa kujibu kabla hujauliza, ila siku ile nilimwona ana mwendo wa ajabu. Amebeba sinia la vikombe, akifika kwenye meza kuu anapita pembeni, anaambaa ukuta, anazunguka, anarudi vilevile. Nilidhani anaogopa kuteleza. Halafu MC Besi akamwita.

"Bi. Mkubwa, kiti chako hiki hapa, karibu na mgeni rasmi. Kaa tuone picha itakavyokuwa."

"Hapo jua linanipiga."

"Tuko ndani, mama yangu. Kuna bati."

"Basi upepo."

Akachukua kiti chake akakipeleka kushoto. MC akakirudisha. Bi. Zaituni akakichukua tena, safari hii akakikalia kabisa ili kisiende mahali. Sasa mimi mtu akikwepa mtu simshangai, wana mambo yao. Lakini akikwepa sakafu, sikio langu linasimama. Nikamsogelea.

"Dada Zaituni, pale pana nini?"

"Pana ua."

"Na chini ya ua?"

"Chini ya ua pana simenti. Mimi napika pilau, Issa, sijengi."

Nikataka kumwuliza la tatu, drili ikalia. Selemani kasukuma meza kuu kando, kapanda juu ya jani la waridi, miguu kaitanua, kifua kakiweka juu ya drili, kaegemea kwa uzito wake wote kama anamkandamiza mbuzi. Tailizi zikaanza kuruka vipande. Sinia la Bi. Zaituni likaanguka, vikombe vyote.

"Selemani! Toka hapo! Toka baba, utazama!"

Drili ikanyamaza.

"Nitazama wapi, dada? Kwenye tailizi?"

"Kwenye choo!"

Selemani alitazama miguu yake. Kisha akatoka pale, si kwa kukimbia, kwa kunyata, kama mtu anayetoka chumbani mtoto kalala.

Basi Bi. Zaituni akaeleza, macho kwenye vikombe. Palikuwa na choo cha shimo, cha marehemu baba yake, cha tangu nyumba inajengwa. Kilipojaa kikaachwa, kikachimbwa kingine. Kile cha zamani kikafunikwa boriti, zile nguzo za mikoko, juu mchanga, juu simenti nyembamba, watu wakasahau. Kaka yake alipouza alimwambia afunge mdomo, mnunuzi akisikia choo anakimbia. Aliyejenga banda akaikuta simenti imelala vizuri, akaweka tailizi juu, na ua.

Mangi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgeni rasmi. "Bi. Zaituni," akasema, "Ramadhani zote hizi unatualika futari, tunakula sahani moja. Hukuniambia?"

"Ningekwambia lini, ukiwa unakula?"

"Na hii kamati? Umekaa vikao vyote."

"Kwenye kamati mliniuliza habari za mchele, nikajibu habari za mchele. Na nilijua Issa hatafunga. Kila siku namwona amenuna. Nikasema huyu atanisaidia, nisilazimike kusema." Akalia. "Tangu udogo nimeizunguka hiyo sehemu. Nyinyi mkaweka meza kuu."

Mama Glory ndiye aliyeniambia, kwa sauti ndogo, "Fundi, pasua." Nikawatoa watu, nikalaza ubao mrefu kutoka zege la kushoto, nikalala juu yake kifudifudi, nikapiga nyundo palepale drili ilipoanzia. Pigo la pili nyundo ikaingia mpaka mpini. Boriti chini zilikuwa zimegeuka unga. Nikachukua bolti moja ya lifti nikaidondosha kwenye tundu. Tukasubiri. Tulikuwa tumeanza kutazamana ndipo ikalia huko chini. Selemani akatandika boksi lake karibu na mlango akakaa, akaomba maji.

Mnataka kujua sherehe ilikuwaje. Ilikuwepo. Turubai limeshalipiwa, mchele umeshaloweshwa, vitenge vimeshashonwa. Jumamosi alasiri watu walikuja wamependeza. Shimo tulilizungushia mbao ili asizame mtu, na kwa kuwa utepe ulikuwepo, mtu akaufunga kwenye zile mbao. MC Besi akatangaza kwamba tumekusanyika kuzindua hatua ya awali. Mgeni rasmi akakata utepe. Akachungulia shimo, akavuta pumzi, akajuta, akatoa hotuba kuhusu kuthubutu. Watu wakapiga makofi, wakapanga mstari kupiga picha na shimo. Zawadi zikatolewa, saa za ukutani. Pilau la Bi. Zaituni lilikuwa zuri mno, na mimi nilikula nikiwa nimekaa kushoto.

Baada ya hapo ndiyo ikaja kazi yenyewe, ambayo haikuwa na sare. Tailizi zikang'olewa, ua likaondoka kwa toroli, Mama Glory akaingia ndani asilione. Wakaitwa watu wa mashimo wakalisafisha lile shimo mpaka kwenye udongo mgumu. Likajazwa mawe na kifusi kwa matabaka, kila tabaka linashindiliwa kabla ya lingine. Na juu ya hayo yote bado sikuliamini, nikaisogeza lifti nzima upande wa pili wa banda, nguzo zote mbili ziwe mbali na kaburi lile. Tukasuka nondo, tukamwaga zege jipya banda zima, nene, kwa mpigo mmoja, mimi nikisimamia maji yasizidi, maana fundi akichoka kukoroga huongeza maji, na zege la maji mengi ni uji.

Kisha nikasema, sasa tunasubiri mwezi mzima.

Selemani akarudi kuwa adui. "Limekauka," anasema kila asubuhi, kaliwekea kiganja kama anapima homa ya mtoto. "Issa, nalikanyaga halibonyei."

"Limekauka juu. Moyoni bado."

"Zege lina moyo?"

"Kuliko wewe."

Akawa anafanya kazi nje ya banda, juu ya boksi, uvunguni mwa kirikuu, na nikipita anaguna kwa nguvu ili nisikie. Nilisikia. Magunia mabichi yalitandazwa juu ya zege, na kazi ya kuyamwagia maji Bi. Zaituni aliiomba mwenyewe. Alikuja asubuhi na jioni na ndoo ya Mangi, akaliogesha zege lile kama kichanga. Mwanzo alimwagia kutoka pembeni, kwa mbali. Siku moja nikamkuta amesimama katikati, juu ya palipokuwa shimo, kashika kiuno. Akaona namtazama, akasema, "Nini?" Nikasema hakuna.

Mwezi ulipoisha nikapanga nguzo, nikapima wima wake kwa timazi, nikatoboa, nikapuliza vumbi kwenye kila tundu mpaka likatoka safi, kwa sababu vumbi linaishika bolti kwa unafiki. Nikakaza bolti kwa ile spana inayolia ikifika kipimo. Tukapandisha gari la Mama Glory kidogo, tukalitikisa, tukashusha. Tukapandisha juu, kufuli zikalia ka, ka, ka, tukaliacha hapo tukanywa chai, tukaliacha tukala mchana. Nikazipitia bolti zote. Hakuna iliyosogea. Muziki haukuwepo. Walikuwepo Mangi, Mama Glory, Bi. Zaituni na mwiko wake, na Selemani.

Nikamwambia, "Sele, ingia. Kazi yako hiyo."

Akaingia. Gari liko juu, tumbo lote wazi, limepita kichwa chake. Akalitazama. Akachukua boksi lake la friji, akalifunua, akalitandika sakafuni vizuri, akanyoosha kona. Akalala chali. Akainua mkono wenye spana.

"Issa," akasema, "mbona liko mbali?"

Tulicheka mpaka Mangi akashika nguzo. Selemani mwenyewe alichelewa, alikuwa bado kanyoosha mkono, halafu ikamfikia, akacheka amelala hivyohivyo. Nikampa mkono. Akainuka kidogo kidogo, goti, goti la pili, kiuno, akangoja, kisha ule mgongo ukapanda sehemu iliyobaki. Spana ikafika kwenye bolti ya oili. Akaanza kufungua.

Juzi nilipita kumsalimia. Alikuwa chini ya kirikuu, amesimama. Boksi limetandikwa palepale, na yeye yuko juu yake na viatu, viatu vya kazi, vyenye oili.

Nikamwambia, "Sele, unakanyaga boksi."

Akatazama chini kama mtu aliyeambiwa zipu iko wazi.

"Liache," akasema. "Sakafu ya Mangi ina baridi."